Daktari Livingstone na Mzigo wa Dawa

Ukiwa mwanafunzi wa Ntalikwa, au wa kijiji kingine cha Tabora, basi unakaa katika nchi ya njia kuu ya misafara ya zamani. Misafara hiyo ilitoka Bagamoyo kwenda Ujiji ikichukua nguo, shanga na nyaya za shaba, nayo ilirudi pwani na pembe za ndovu pamoja na watumwa. Nchi hiyo iliitwa Unyanyembe. Mwaka 1869 mzigo mmoja wa dawa ulibaki hapo, hali mwenyewe alikuwa mgonjwa mbali sana.

Mwenye mzigo huo alikuwa David Livingstone. Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini, na alipokuwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha kusokota pamba. Alifanya kazi tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, kisha akasoma. Mwaka 1840 alihitimu uganga, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini. Habari za safari zake utazisoma katika historia. Hapa tumtazame kama mganga.

Malaria ilimpata mara nyingi. Siku zile watu hawakujua bado kwamba huenezwa na mbu, lakini kwinini, dawa itokayo katika ganda la mti wa Amerika ya Kusini, ilikwisha kujulikana. Livingstone alitengeneza kidonge chake mwenyewe kwa kuchanganya kwinini na dawa za kuharisha, mojawapo ikiwa kalomeli. Kisha aliendelea kumpa mgonjwa kwinini mpaka masikio yake yavume. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Kalomeli ina zebaki, nayo leo tunajua kuwa ni sumu.

Mwaka 1866 alishuka pwani ya kusini ya Tanzania ya leo na kuingia bara. Tarehe 20 Januari 1867, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, watu wawili wa msafara wake walitoroka msituni. Mmoja wao alikuwa amebadilishana mzigo na kijana aitwaye Baraka, ambaye kila siku alilichukua sanduku la dawa kwa uangalifu. Mvua kubwa ilifuta nyayo zao, na sanduku halikuonekana tena. Livingstone, kwa kuwa alikuwa mganga, alielewa kwamba hasara hiyo ingeweza kumwua.

Mwanzoni mwa Januari 1869 alilowa mvua akaugua nimonia, yaani kichomi, katika pafu la kulia. Alikohoa usiku na mchana, akashindwa kutembea. Aliyemwokoa ni Mohamed Bogharib, mfanya biashara ya pembe na watumwa. Livingstone aliichukia sana biashara hiyo, lakini watu wa Bogharib ndio waliombeba juu ya kitanda. Tarehe 14 Machi alifika Ujiji akitumaini kupata dawa alizoagiza kutoka pwani. Akaambiwa zimeachwa Unyanyembe, mwendo wa siku 13.

Je, mzigo ule ungeliponya pafu lake? La. Kwinini hupigana na vijidudu vya malaria, lakini nimonia ya namna hiyo kwa kawaida huletwa na bakteria, ambao kwinini haiwaponyi. Penisilini, dawa ya kuwaua bakteria, iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, miaka 55 baada ya Livingstone kufa.

Wewe unayo bahati ambayo yeye hakuwa nayo. Ukiugua nimonia, mganga atakupima, na akiona inafaa ataandika dawa ya jamii hiyo, kama amoksilini. Soma yaliyoandikwa kwenye paketi. Yakisema mara mbili kwa siku kwa siku 5, maana yake ni kila baada ya saa 12, kwa sababu dawa hupungua katika damu saa zinavyopita, na ikipungua mno bakteria huanza tena kuzaana. Siku ya tatu huenda homa ikawa imekwisha, ukatamani kwenda kucheza na kuvisahau vidonge vilivyobaki. Usiviache kwa shauri lako mwenyewe, maana bakteria wachache walio wagumu huenda wangali hai, nao huzaa wengine wagumu kama wao, ambao dawa ile ile haitawaweza. Wala usimgawie ndugu yako: kipimo chako huenda si chake, tena mafua yake huletwa na virusi, ambavyo dawa hii haiviui. Vipele vikikutoka au ukipumua kwa shida baada ya kumeza dawa, mwambie mzazi wako upesi akupeleke zahanati.

Mwaka 1871 Henry Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, na Februari 1872 walifika pamoja Kwihara, karibu na mji wa Tabora. Stanley alirudi pwani. Livingstone alibaki katika tembe akisubiri wapagazi, na tarehe 25 Agosti akaelekea kusini. Kuhara na kutokwa damu kulimdhoofisha, akafa kijijini kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua. Mwezi wa Oktoba walipita nao Unyanyembe, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Tembe la Kwihara limejengwa upya na kufanywa makumbusho.