Paul Klee: Ngozi ilimkaza, brashi hakuiweka chini

Mwaka 1936 Paul Klee alimaliza kazi 25 tu. Kwa mchoraji aliyezoea kutoa mamia kwa mwaka, hiyo ilikuwa karibu sawa na kunyamaza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1939, akatoa kazi 1,253. Hakuwa amepona. Alikuwa na mwaka mmoja tu wa kuishi.

Klee alizaliwa Desemba 18, 1879 huko Münchenbuchsee, karibu na Bern, Uswisi. Mama yake alikuwa Mswisi, mwimbaji. Baba yake alikuwa Mjerumani, mwalimu wa muziki, na mtoto akafuata uraia wa baba. Jambo hilo lilikuja kumsumbua baadaye.

Alipiga fidla vizuri kiasi cha kucheza na okestra ya Bern akiwa bado kijana. Hata hivyo akachagua uchoraji, na mwaka 1898 akaenda Munich kusoma. Mwaka 1906 akamuoa Lily Stumpf, mpiga piano, na mwaka uliofuata wakampata Felix. Lily ndiye aliyeingiza hela kwa kufundisha piano. Klee alibaki nyumbani, akipika, akilea mtoto na kuchora.

Aprili 1914 alisafiri Tunisia na wenzake August Macke na Louis Moilliet. Mwanga wa kule ulimbadilisha, na tangu hapo rangi ikawa kila kitu kwake. Mwaka 1921 akaanza kufundisha Bauhaus, chuo maarufu cha sanaa na ubunifu Ujerumani, kisha mwaka 1931 akahamia Düsseldorf.

Kibarua chaota nyasi

Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, Klee alifukuzwa kazi. Mwisho wa mwaka huo yeye na Lily wakarudi Bern. Mwaka 1937 kazi zake 102 zikachukuliwa kutoka makumbusho ya Ujerumani, na 17 kati ya hizo zikaanikwa Munich kwenye maonyesho ya kuidhihaki sanaa ya kisasa.

Wakati huo mwili nao ulikuwa umeshamgeuka. Mwaka 1935 ilianza kama ugonjwa wa kifua, madaktari wakadhani ni surua. Kumbe haikuwa hivyo. Ngozi ya uso ikakaza mpaka sura ikabadilika. Kumeza kukawa shida, akaishi kwa vyakula laini na vya majimaji. Akipanda mlima kidogo tu, pumzi inakata.

Miaka mingi baada ya kifo chake ndipo ugonjwa huo ukatajwa hadharani kuwa ni skleroderma, ile inayoshika mwili mzima. Kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, mishipa midogo ya damu huharibika, na ngozi, umio, mapafu na moyo hujaa nyuzi ngumu.

Mifupa nayo haisalimiki

Leo madaktari wanajua kwamba wagonjwa wa skleroderma wako kwenye hatari kubwa zaidi ya mifupa kuwa dhaifu na kuvunjika kirahisi. Sababu ni kibao. Utumbo ukishindwa kazi, kalsiamu na vitamini D haviingii mwilini vya kutosha. Uvimbe wa ndani wa muda mrefu hula mfupa. Mtu akichoka na viungo vikikaza, anatembea kidogo, na mfupa usiofanyishwa kazi hupungua. Dawa za steroidi, ambazo baadhi ya wagonjwa hupewa, nazo huumaliza. Wengine hata mifupa ya ncha za vidole huyeyuka kwa kukosa damu.

Enzi za Klee hakukuwa na kipimo cha uzito wa mifupa, na steroidi zilikuwa hazijaanza kutumika kutibu. Mgonjwa wa leo ana nafasi ambayo yeye hakuwa nayo: anaweza kumuuliza daktari kuhusu kipimo cha mifupa na vitamini D kabla mfupa haujavunjika.

Klee alichokuwa nacho ni mikono. Vidole vyake viliendelea kushika kalamu na brashi, naye akavitumia mpaka mwisho. Mistari ikawa minene na meusi, michoro ikawa michache maneno lakini mizito. Akachora malaika wengi, wengine wanalia, wengine wamesahau kitu. Mwaka 1940 akachora picha inayoitwa Kifo na Moto, yenye uso mweupe kama fuvu katikati.

Alifariki Juni 29, 1940 huko Muralto, karibu na Locarno, akiwa na miaka 60. Ombi lake la uraia wa Uswisi, nchi aliyozaliwa, lilikuwa bado halijakamilika.

Aliacha kazi zaidi ya 9,000. Tangu mwaka 2005 Bern ina makumbusho makubwa yenye jina lake. Mji ambao hakuwahi kuwa raia wake ndio unaomtunza leo.