Walt Disney na Bustani Isiyouza Kileo

Wengi wenu mmepata kulisikia jina la Walt Disney, au mmeiona picha ya yule panya mwenye masikio ya mviringo, aitwaye Mickey Mouse. Leo twataka kuwasimulia maisha yake kwa ufupi. Hatuyasimulii kwa ajili ya picha zake, ila kwa ajili ya neno moja aliloliamuru katika bustani yake ya michezo, ya kwamba mahali watoto waendapo kufurahi pamoja na wazazi wao, kileo kisiuzwe. Neno hili lina mafundisho kwetu, na zaidi kwa sababu aliyeliamuru hakuwa mtu asiyekunywa.

Walt alizaliwa tarehe 5 Desemba 1901 katika mji wa Chicago, Marekani. Baba yake, Elias, alikuwa seremala, na mwaka wa 1893 alikuwa mmoja wa wajenzi wa Maonyesho makubwa ya Dunia mjini humo. Alikuwa mtu mkali, mwaminifu, mwenye bidii, wala pombe hakunywa. Mtoto alipewa jina la Walter kwa heshima ya mchungaji wao. Mwaka wa 1906 jamaa hii walihamia shamba huko Marceline, katika nchi ya Missouri, na mwaka wa 1911 wakaenda Kansas City. Huko Walt na ndugu yake mkubwa Roy waliamshwa kabla ya mapambazuko ili kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba, hata wakati wa theluji. Siku za mchezo zilikuwa chache kwao. Lakini katika mji ule palikuwa na bustani ya michezo iliyoitwa Electric Park, yenye taa nyingi mno, na mtoto yule hakuisahau.

Mwaka wa 1918, akiwa kijana wa miaka kumi na sita, alijiunga na Msalaba Mwekundu kuwa dereva, akafika Ufaransa vita vilipokuwa vimekwisha. Huko alijifunza kuvuta sigara. Jambo hilo tutalirudia. Mwaka wa 1923 alikwenda Hollywood, na pamoja na Roy akaanzisha kazi ya kutengeneza sinema za michoro. Mwaka wa 1925 alimwoa Lillian Bounds, nao wakalea mabinti wawili, Diane na Sharon. Mickey Mouse akatokea mwaka wa 1928, na jina la Walt likaenea duniani.

Basi ilikuwa desturi yake siku ya Jumamosi kuwachukua mabinti zake kutembea. Katika bustani ya Griffith, mjini Los Angeles, watoto walipanda farasi wa mbao wazungukao, naye baba akakaa peke yake kwenye benchi akitafuna karanga. Akajiuliza moyoni kwa nini hapana mahali ambapo baba na mtoto wangefurahi pamoja. Maana bustani nyingi za siku zile zilikuwa chafu, na furaha waliyowekewa watu wazima mara nyingi ilikuwa bia. Mwaka wa 1951 aliizuru Tivoli, bustani ya mji wa Copenhagen iliyofunguliwa mwaka wa 1843, akapendezwa na usafi wake, taa zake, na jinsi wazazi walivyotembea na watoto wao kwa utulivu. Huko vileo viliuzwa, na adabu ilikuwapo. Hata hivyo, alipoijenga bustani yake mwenyewe, alichagua njia nyingine.

Alinunua mashamba ya michungwa huko Anaheim, California, akatumia dola kama milioni 17, akajenga Disneyland. Ndani yake aliweka nyumba iliyoitwa Golden Horseshoe, mfano wa vilabu vya pombe vya magharibi ya Marekani ya zamani, yenye jukwaa na kaunta ndefu. Lakini badala ya wiski, kinywaji kilichouzwa hapo kilikuwa Pepsi.

Hapa hatuna budi kusimulia jambo ambalo wengine wangelificha. Tarehe 13 Julai 1955, siku nne kabla ya milango kufunguliwa, Walt na mkewe walifanya karamu ya miaka 30 ya ndoa yao katika bustani hiyo. Wageni wakapandishwa chombo cha mtoni kiitwacho Mark Twain, wakapewa wiski iliyochanganywa na majani ya mnanaa. Kisha wakala chakula katika Golden Horseshoe, na mwenye karamu, akiwa amekwisha kuchangamka kwa kinywaji, alionekana kwenye roshani ya juu akiwalenga watu kwa vidole kama mpiga bastola. Usiku ule binti yake Diane ndiye aliyeshika usukani kumrudisha nyumbani. Baba alikaa nyuma, amekunja ramani kama tarumbeta akiipuliza, hata usingizi ukamchukua kama mtoto.

Tarehe 17 Julai bustani ikafunguliwa, na joto lilikuwa kali. Kwa sababu ya mgomo wa mafundi wa mabomba, hapakuwa na nafasi ya kumaliza mabomba ya kunywea maji pamoja na vyoo. Walt akachagua vyoo. Watu walisikia kiu, wakanung'unika kwamba ametaka wanunue soda. Lakini bia haikuuzwa siku ile, wala siku zilizofuata. Katika majuma saba walifika watu milioni moja.

Mwaka wa 1956 alimweleza mwandishi mmoja wa gazeti sababu zake. Alisema kwamba vileo huwavuta watu wa ghasia, na ya kuwa wageni wake hawavihitaji. Yeye mwenyewe, akizunguka bustanini kutwa, hakuona haja ya kunywa, ingawa baada ya siku nzito ya kazi katika studio pengine alitamani glasi moja. Twaona hakujifanya mtakatifu. Alikijua kileo, akajua saa yake, wala hakutaka saa hiyo iingie katika siku ya mtoto.

Lakini sigara hakuiwekea mpaka. Alikufa kwa saratani ya mapafu tarehe 15 Desemba 1966, mwenye umri wa miaka 65.

Baada yake sheria ililegezwa kidogo kidogo. Mwaka wa 1967 kilifunguliwa ndani ya Disneyland chumba cha wanachama, Club 33, na humo vileo viliuzwa. Bustani ya kwanza ya Florida, iliyofunguliwa mwaka wa 1971, iliifuata sheria ya kale. EPCOT, ya mwaka wa 1982, haikuifuata. Ile ya Ufaransa ilianza mwaka wa 1992 bila mvinyo. Wafaransa, ambao kwao mvinyo ni sehemu ya chakula, walilalamika, na mwaka wa 1993 ukaruhusiwa. Mwaka wa 2012 ile ya Florida ya 1971 ilianza kuuza bia na mvinyo katika mkahawa mmoja, na mwaka wa 2019 Disneyland yenyewe ikafungua baa kwa watu wote.

Hatusemi kwamba kila mzazi anywaye glasi moja mezani ni mlevi. Walt naye hakusema hivyo. Lakini alifahamu ya kuwa si vema kungoja kila mtu ajizuie mwenyewe, kwa maana hata yeye, siku ya furaha yake, hakujizuia. Kwa hiyo aliweka mpaka mlangoni, kabla ya kiu.

Nasi tunazo siku zetu za watoto: ubatizo, Kipaimara, safari za shule ya Jumapili. Mara ngapi karamu huanza kwa jina la mtoto, na jua likitua mtoto amesahauliwa, naye ndiye amwongozaye baba njiani? Diane alikuwa mtu mzima, aliweza kuendesha gari. Watoto wetu wengi hawawezi. Basi, enyi wazazi na waalimu, kabla ya kutengeneza karamu ya mtoto, na tuulizane kwanza: jioni, ni nani atakayemshika mwenzake mkono kurudi nyumbani?