Abdus Salam: Mtoto wa Jhang Aliyefika Cambridge

Soma habari ifuatayo, kisha jibu maswali.

Mtahiniwa, iwe unajisomea Yaeda Chini wilayani Mbulu au katikati ya Dar es Salaam, huenda umewahi kujiuliza hisabati na fizikia zitakufikisha wapi ikiwa nyumbani hakuna fedha. Fuatilia maisha ya Abdus Salam.

Salam alizaliwa tarehe 29 Januari 1926, akakulia Jhang, mji mdogo wa eneo la wakulima ambalo leo liko Pakistani. Wakati huo India ilitawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya elimu. Akiwa na miaka 14, umri mdogo kuliko wako, alifanya mtihani wa kumaliza shule, akapata alama ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia katika jimbo la Punjab.

Usidhani alama peke yake zilimpeleka ng'ambo. Mwaka 1946 alimaliza shahada ya uzamili mjini Lahore, lakini familia haikuwa na nauli wala ada. Zilikuwapo fedha zilizochangwa kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vita vilipokwisha zikabaki, na serikali ya jimbo ikaamua kuwasomesha watoto wa wakulima wadogo. Salam alipata ufadhili huo, akaondoka mwaka huohuo kwenda Cambridge. Wenzake walioahirishiwa safari hawakwenda tena, maana mwaka 1947 nchi iligawanywa na mpango ukafa. Zingatia jambo hili: mlango ulifunguliwa mwaka mmoja tu, ukamkuta yuko tayari.

Mwaka 1949 alipata daraja la kwanza katika hisabati na fizikia, kisha akafanya utafiti wa shahada ya uzamivu katika fizikia ya nadharia. Tasnifu yake ya mwaka 1951 ilimpatia jina duniani.

Alirudi Lahore kufundisha. Huko alikuwa mpweke, mbali na watafiti wenzake, na mwaka 1954 alilazimika kuondoka ili asiiache fizikia. Uchungu huo ulizaa matunda. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi maskini waende kutafiti kwa muda, kisha warudi kuwafundisha vijana wa kwao.

Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa kuonyesha kuwa kani ya sumakuumeme na kani dhaifu ya nyuklia zina asili moja. Fungu lake alilitumia kuwasaidia wanafizikia wa nchi zinazoendelea. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996.

Tangu mwaka 2018 kituo hicho kina taasisi mshirika Kigali, Rwanda, inayofundisha hadi uzamivu. Kutoka Mbulu hadi Kigali ni karibu mno kuliko kutoka Jhang hadi Cambridge. Basi usiruke hesabu ngumu leo. Mlango ukifunguliwa, ukukute umejiandaa.

Maswali
1. Fedha zilizomsomesha Salam zilitoka wapi?
2. Kwa nini wenzake hawakwenda ng'ambo?
3. Eleza maana ya: (a) ufadhili (b) tasnifu.
4. Salam alilipaje fadhila aliyotendewa? Toa hoja mbili.
5. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 40.