Jan Łukasiewicz, Mtu Aliyetafuta Jibu la Tatu

Kabla hujaendelea kusoma, toka nje ya darasa kwa dakika moja. Yatazame mawingu, kisha useme kwa sauti kwamba kesho, saa sita mchana, mvua itanyesha juu ya paa la shule yenu. Halafu rudi ukae. Sasa jiulize: kauli uliyoisema ni ya kweli, au si ya kweli?

Huenda utajibu kwamba sharti tungoje hadi kesho. Lakini angalia vizuri. Hatukuuliza kesho itakuwaje. Tumeuliza kuhusu kauli yako ilivyo leo, wakati mawingu bado hayajaamua. Swali hili ni la zamani sana. Aristotle, mtaalamu wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alilishughulikia alipofikiri juu ya vita vya majini ambavyo huenda vingepiganwa kesho yake. Hata hivyo, kwa karne nyingi wanafunzi wa mantiki, yaani elimu ya kufikiri kwa utaratibu, walifundishwa kwamba kila kauli ina moja kati ya hali mbili: ama ni ya kweli, ama si ya kweli. Katikati hapana kitu.

Mtu unayesoma habari zake leo hakuridhika na fundisho hilo. Jina lake huandikwa Jan Łukasiewicz, nalo hutamkwa karibu na Yan Wukashevich. Usiogope herufi hiyo ya L iliyokatwa. Wapolandi huitamka kama W yetu.

Alizaliwa tarehe 21 Desemba, 1878, katika mji wa Lwów. Wakati huo mji huo ulitawaliwa na Austria; siku hizi umo katika nchi ya Ukraine na huitwa Lviv. Baba yake alikuwa kapteni wa jeshi. Kijana Jan alianza kusoma sheria katika chuo kikuu cha mji wake, kisha akaiacha akageukia falsafa. Alisoma kwa bidii hata mwaka 1902, alipopata shahada ya udaktari, Mfalme Franz Joseph wa Austria alimtunuku pete yenye almasi, heshima waliyopewa wanafunzi wachache mno.

Mwaka 1915 alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Warsaw, ambacho kilikuwa kimefunguliwa upya. Katika mji huo ndipo wazo lake kubwa lilipokomaa. Lifuate polepole, kwa maana si gumu kama wengi wanavyodhani.

Łukasiewicz alijichukulia yeye mwenyewe kuwa mfano. Tuseme anatamka kwamba mwaka ujao, tarehe 21 Desemba, saa sita mchana, atakuwa Warsaw. Kama kauli hiyo ni ya kweli tangu leo, basi hapana budi awe Warsaw siku hiyo, atake asitake. Kama si ya kweli tangu leo, basi hawezi kuwapo, hata akipanga safari namna gani. Kwa vyovyote vile, mambo yote yangekuwa yamekwisha kukatwa. Fikiri jambo hilo kwa upande wako: kama leo hii ni kweli kwamba utashinda mtihani, usome wa nini? Na kama si kweli, usome wa nini pia? Łukasiewicz aliona kwamba fikira za namna hiyo zinamfunga binadamu minyororo. Aliamini kwamba baadhi ya mambo ya kesho bado yako wazi, na kwamba mantiki yenyewe lazima iwe na mahali pa kuyaweka.

Kwa hiyo akafanya jambo ambalo mafundi wa hesabu hulielewa upesi. Kauli ya kweli aliipa namba 1. Kauli isiyo ya kweli aliipa 0. Kauli iliyo wazi, ambayo haijawa upande wowote, aliipa nusu. Mwezi wa Machi 1918 aliwaeleza wasikilizaji wake chuoni habari za mapambano yake na mantiki ya zamani, na mwaka 1920 akachapisha mantiki yake yenye thamani tatu. Ndani yake mna kanuni hii: ukitaka thamani ya kauli ya kukanusha, toa thamani ya kauli ya kwanza kutoka 1. Jaribu. Ikiwa kauli kwamba mvua itanyesha ina nusu, kauli kwamba mvua haitanyesha ina ngapi? Moja toa nusu ni nusu. Zote mbili zinabaki wazi, kama mawingu yako.

Baada ya muda mfupi aliona kwamba hakuna sababu ya kukomea kwenye nusu. Akaziruhusu thamani zote zilizopo kati ya 0 na 1.

Usidhani alikuwa mtu wa kukaa na vitabu tu. Mwaka 1919, Poland ilipokuwa imerudi kuwa nchi huru, alikuwa Waziri wa Elimu. Baadaye alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Warsaw mara mbili. Mwaka 1924 alibuni pia namna ya kuandika hesabu bila mabano, kwa kutanguliza alama. Namna hiyo ikigeuzwa, alama zikaja mwisho, ndiyo iliyokuja kutumiwa na baadhi ya mashine za kukokotoa.

Kisha vita vikaja. Septemba 1939 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza nyumba yake pamoja na maktaba na maandishi yake. Humo mlikuwa na kazi ya kitabu alichokuwa akikiandika juu ya mantiki ya Aristotle. Chuo kilifungwa, naye akashiriki katika mafundisho yaliyotolewa kwa siri. Mwezi wa Julai 1944 yeye na mkewe, Regina, waliondoka Warsaw, wakaishi Ujerumani, kisha Ubelgiji. Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 67, alipokewa Ireland kwa mwaliko wa Waziri Mkuu Éamon de Valera, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu wa hesabu. Huko Dublin alikianza upya kile kitabu kilichoungua, safari hii kwa Kiingereza, nacho kikatoka mwaka 1951. Alifariki tarehe 13 Februari, 1956.

Hakuishi kuona wazo lake likiingia katika mitambo. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, aliyezaliwa Baku, Azerbaijan, na kufundisha Marekani, alifikiri juu ya maneno yetu ya kila siku. Maji ya moto ni yapi? Mtoto mrefu ni yupi? Maji ya uvuguvugu ni ya moto kwa kadiri fulani, labda 0.4. Basi kadiri ambayo si ya moto ni 1 toa 0.4, yaani 0.6. Bila shaka umeitambua kanuni hiyo. Angalia tofauti, lakini: Łukasiewicz alianza na mambo ya kesho, na Zadeh alianza na vitu visivyo na mpaka mkali. Elimu yake tutaiita mantiki ya kadiri.

Mtu wa kwanza kuendesha mtambo kwa elimu hiyo alizaliwa mwaka 1942 katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Ni Ebrahim Mamdani. Akiwa London, katika miaka ya 1970, yeye na mwanafunzi wake Seto Assilian waliongoza injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za maneno: ikiwa kanieneo imepita kiasi na inazidi kupanda, punguza joto sana; ikiwa imepita kidogo, punguza kidogo. Ndivyo mpishi anavyosimamia moto wa kuni, bila kupima. Mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za mji wa Sendai, Japani, zilianza kuondoka na kufunga breki kwa ulaini kwa kutumia mantiki hiyo. Mashine za kufulia zikafuata.

Siku hizi watafiti wanaiunganisha mantiki ya kadiri na kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano. Wanataka mashine ambayo, ikimshauri daktari kuhusu mgonjwa, iweze pia kutaja kanuni zake kwa maneno ambayo daktari anaweza kuyasoma na kuyapinga. Kazi hiyo bado haijakamilika.

Na kile kitendawili chake cha kuwapo Warsaw? Łukasiewicz alizikwa Dublin. Mwaka 2022, miaka 66 baada ya kifo chake, mabaki yake yalichukuliwa na kurudishwa Poland, yakazikwa katika makaburi ya Powązki, mjini Warsaw.