Grace Hopper: Mathe wa Nevi Aliyeifunza Kompyuta Maneno

Ukishuka feri Likoni ukashika njia ya Mtongwe, si ajabu kupishana na watu wa nevi. Leo nakupa stori ya nevi mwingine, wa Marekani, ambaye pengine hujawahi kumskia.

Grace Hopper alizaliwa New York 1906, akapiga hesabu mpaka udaktari pale Yale, 1934. Vita vya pili vilipochacha akataka kuingia nevi. Akaambiwa umri umepita na kilo hazijafika. Akakomaa tu, 1943 wakamchukua, wakampeleka Harvard kwenye Mark I, kompyuta ndefu ya mita 15 hivi.

Sasa skia. Mashine za enzi hizo zilielewa namba tupu. Ukikosea tarakimu moja, umekwisha. UNIVAC, aliyoanza kuishughulikia 1949, kumbukumbu yake ilibeba herufi 12,000 pekee. Picha yako ya profaili haingii humo. Wajuaji wakasema mashine ndogo hivyo uiongeleshe kwa lugha yake. (Hata wewe ukibahatisha kompyuta ya miaka ya 80 leo, mjadala ni huohuo: asembli, chungu lakini mbio, ama BASIC, polepole lakini inasomeka.)

Hopper alikataa. Watu wa mishahara na stoo hawakutaka alama za hesabu, walitaka maneno. 1952 akatoa A-0, iliyokusanya vipande vya programu vilivyokuwa tayari kwenye tepu. Halafu ikaja FLOW-MATIC, yenye amri za Kiingereza.

Hapa ndipo panaponiuma. Akiomba pesa za kazi hiyo, aliwaonyesha mabosi programu moja kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa na Kijerumani. Manze, wakashtuka! Kompyuta ya Marekani ielewe Kifaransa? Ikabidi aahidi Kiingereza tu. Hawakushika kwamba kwa mashine neno ni alama tu; "kama", "jumlisha" na "simama" zingepita vilevile. Ndiyo maana kijana wa Kisauni akianza kuandika programu leo, anaanza na maneno ya kina Hopper, si ya nyanyake.

COBOL iliyoanza 1959 ilichota sana kwa FLOW-MATIC, na bado iko kazini kwenye mabenki mengi duniani. Mathe mwenyewe alistaafu nevi 1986, admirali wa miaka 79, akafariki tarehe 1 Januari 1992. Wenzake wakampa meli ya kivita: USS Hopper.