Mtakatifu Kinga na Pete Iliyotupwa Mgodini

Karibu na mji wa Kraków, katika nchi ya Polandi, wageni wa kila taifa hushuka ngazi za mbao na kuingia katika mgodi wa chumvi wa Wieliczka. Chumvi ilichimbwa humo kwa muda wa karne saba, hata mwaka 1996 uchimbaji wa biashara ulipokoma. Siku hizi watu huja kutazama tu. Mita 101 chini ya ardhi hulikuta kanisa lenye urefu wa mita 54, ambalo wachimbaji walianza kulichonga kwa mikono yao mwaka 1896. Altare, sanamu, sakafu, hata fuwele za taa zinazoning'inia juu, vyote ni chumvi. Kanisa hilo ni la Mtakatifu Kinga.

Jina hilo masikioni mwetu lasikika kama ngao, ingawa kwao ni kifupi cha Kunegunda. Alikuwa binti wa Béla wa Nne, Mfalme wa Hungaria. Mwaka 1239, angali mdogo bado, aliozwa kwa Bolesław, ambaye baadaye alikuwa mtawala wa Kraków. Wazee husimulia kwamba alimwomba baba yake asimpe dhahabu bali chumvi, kwa kuwa maskini na tajiri wote huihitaji. Akapewa mgodi huko Hungaria, naye akaitupa pete yake ya uchumba ndani yake. Alipofika Polandi akaamuru watu wachimbe. Wakatoa bonge la chumvi, na lilipovunjwa, pete ikaonekana.

Hadithi tamu, na haifai kumnyima mtoto. Lakini watu wa Wieliczka walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi zenye chumvi maelfu ya miaka kabla ya Kinga kuzaliwa. Jambo la kweli ni kwamba chumvi ya mawe ilipatikana katika sehemu zile zama zake, kwanza Bochnia, kisha Wieliczka.

Tena pete hiyo imelifunika tendo lililo kubwa kuliko yenyewe. Mwaka 1241 Wamongolia, walioitwa Watatari, waliivamia Polandi na kuuteketeza mji wa Kraków. Kinga na mumewe wakakimbilia Hungaria. Nako adui akafika, akalishinda jeshi la baba yake, nao wakakimbia tena hata Moravia. Waliporudi walikuta majivu. Desturi yao ilikuwa kinyume cha mahari yetu: bibi arusi ndiye aliyekuja na mali kutoka kwa baba yake. Kinga aliitoa mali hiyo kwa ajili ya nchi iliyopigwa vita, nchi asiyozaliwa. Mwaka 1257 Bolesław akamfidia kwa kumpa nchi ya Sącz.

Hawakuwa na watoto, maana walikuwa wameweka ahadi ya kuishi katika usafi. Ndiyo sababu Bolesław aliitwa Mwenye Haya. Kwa mtawala asiye na mrithi halikuwa jambo jepesi, wala wakuu wa nchi hawakukosa sababu ya kunung'unika.

Bolesław alifariki mwaka 1279. Mjane wake aliyaacha mambo ya utawala, akaanzisha monasteri ya Masista wa Mtakatifu Klara huko Stary Sącz, akaingia humo mwenyewe. Hata huko hakupata utulivu: mwaka 1287 Watatari walirudi, na masista wakajificha naye katika ngome ya milima ya Pieniny.

Alifariki tarehe 24 Julai 1292. Wachimbaji hawakungoja uamuzi wa Roma ndipo wamheshimu. Hata lile kanisa la chini ya ardhi walilichonga akiwa bado Mwenye Heri, cheo alichopewa mwaka 1690. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kraków, alimtangaza Mtakatifu tarehe 16 Juni 1999, si Roma bali Stary Sącz, alipozikwa.