Sharifu Idrisi, Mchora Ramani

Yapata mwaka 1100 alizaliwa Muhammad al-Idrisi, mtu wa ukoo wa masharifu. Yasemekana alizaliwa Ceuta, mji wa pwani ya Afrika ya kaskazini unaoelekeana na Hispania. Tangu ujana wake alipenda safari.

Sifa zake zikamfikia Roger wa Pili, mfalme wa kisiwa cha Sicily. Mfalme huyo alikuwa Mkristo na Idrisi Mwislamu, lakini alimkaribisha mjini Palermo, kwa kuwa alitamani sana kujua nchi za dunia jinsi zilivyo. Wakaishika kazi hiyo miaka 15. Wasafiri waliulizwa, mmoja mmoja: mji fulani uko wapi, na kutoka huko hata mji wa pili ni mwendo wa siku ngapi? Maneno yao yakipatana, yaliandikwa, yakihitilafiana, yaliachwa. Ndivyo Idrisi alivyopata habari za Mombasa, na za chuma cha Malindi, naye huku kwetu hakufika.

Hata mwaka 1154 kazi ikaisha: ramani ya dunia iliyochorwa juu ya bamba kubwa la fedha, na kitabu chenye ramani 70. Mfalme akafa mwezi wa Februari mwaka ule ule. Haikupita miaka kumi, pakatokea maasi, jumba la mfalme likatekwa nyara, na lile bamba halikuonekana tena. Bahati njema kitabu kilikuwa kimenakiliwa.

Sasa, msomaji, itazame ramani ya darasani kwako. Kaskazini iko juu, Ulaya iko juu katikati, na kisiwa chetu cha Pemba hutafutwa kwa ncha ya kidole, chini, upande wa kuume. Katika ramani ya Idrisi kusini ndiko juu, kama walivyozoea wachora ramani wengi wa Kiislamu zama zile. Bara Arabu iko karibu na kati. Ulaya iko chini. Na pwani yetu, aliyoiita nchi ya Zenj, iko juu. Kweli alikosea pia, maana aliinyosha Afrika kuelekea mashariki kupita kiasi.

Mimi nilipoiona ramani hiyo kitabuni mara ya kwanza, nilidhani mpiga chapa ameigeuza kichwa chini. Nikakizungusha kitabu, Ulaya ikaja juu kama nilivyofundishwa. Lakini majina yote ya Kiarabu yakawa yamepinduka, hata moja lisisomeke.